Mishumaa ya Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nirudi nyumbani nikaoge. Si kwamba nilikuwa mchafu. Kosa langu lilikuwa kujiandaa kupita kiasi: suruali iliyopigwa pasi, viatu vya kung'aa, na manukato ambayo mke wangu alininunulia siku nilipohitimu chuo kikuu. Mkurugenzi wa karakana alinipokea mlangoni, akavuta pumzi moja, akarudi nyuma kama mtu aliyefungua choo cha stendi.

"Baba Neema, karibu sana," alisema. "Lakini humu hatuingii tukiwa tunanukia. Nenda kaoge kwa maji matupu, halafu urudi tuanze upya."

Karakana ilikuwa Nakwa, nje kidogo ya mji wa Babati, katika nyumba yenye mashamba madogo ya mahindi na mbaazi pande zote. Ilitengeneza mishumaa ya kunukia kwa mikono, kwa nta ya nyuki. Mimi nilikuwa na shahada ya falsafa, bidhaa ambayo Babati haikuwa na upungufu nayo. Mke wangu alikuwa amehamishiwa kwenye ofisi za mkoa, nami nikamfuata na masanduku yangu ya vitabu. Majirani walipoanza kuniuliza, kwa upole mkubwa, kama naumwa, nikajua ni wakati wa kutafuta kazi.

Niliporudi kutoka kuoga, Mkurugenzi aliniwekea mezani vikombe vilivyofunikwa kwa vitambaa, akaniambia ninuse. Nilitambua iliki. Nilitambua mkaratusi. Kikombe cha mwisho nilisema ni kitupu, ila zamani kiliwahi kuwa na kahawa. Akafunua: kilikuwa kitupu, na kweli kilikuwa kikombe chake cha kahawa. Wenzangu wakapiga makofi. Sikuwaambia kwamba chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kusema mengi juu ya kitu kisichokuwepo.

Mkurugenzi huyo ndiye Mama Esta, mwalimu mstaafu aliyeiendesha karakana kama darasa la saba linalokaribia mtihani. Hakuniweka kwenye harufu mara moja. Nilianzia chumba cha nta, nikiyeyusha na kuchuja masega yaliyokuja na mabawa ya nyuki, majani, na siku nyingine nyuki mzima mwenye hasira zake. Nta ya nyuki, vijana wangu, ina harufu yake ya asali na moshi, na haipendi wageni. Ukiitilia mafuta ya harufu ikiwa ya moto mno, yanapaa na mvuke, na jirani ndiye anayefaidi. Ukichelewa ikaanza kupoa, hayashikani nayo, yanatoka jasho juu ya mshumaa. Kati ya hapo na hapo kuna wakati mfupi ambao nta inakubali. Kipimajoto kinakuonyesha. Mkurugenzi alikuwa anaujua hata kwa kuangalia utando unaojikunja ukingoni mwa sufuria, lakini bado alitumia kipimajoto, na alimfokea yeyote aliyejifanya haoni haja yake.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha harufu, chini ya Meneja Uzalishaji, kijana wa Arusha aliyesomea kazi hii na kuiheshimu kuliko watu wengi wanavyoheshimu ndoa zao. Kwake ilikuwa marufuku kula vitunguu mchana, na marufuku kuja na mafua. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba harufu ziko za aina tatu. Kuna wapita njia, kama machungwa na mchaichai: wanakuwahi puani, wanakusalimia kwa kelele, wanaondoka. Kuna wenyeji, kama iliki na mdalasini, wanaokaa na wewe mchana kutwa. Halafu kuna wazee wa mtaa, kama msandali na vanila: wanachelewa kufika, na wakishakaa hawainuki. Mchanganyiko mzuri unahitaji wote. Ukiweka wapita njia watupu, mshumaa unasahaulika kabla mgeni hajakaa. Ukijaza wazee, chumba kinakuwa kizito kama kikao cha ukoo.

Tulichovya vipande vya karatasi kwenye mafuta, tukavishika pamoja kama kipepeo na kuvipeperusha mbele ya pua. Pua ikichoka, uliinusa mikono ya shati lako mwenyewe, kwa ndani, kwenye kiwiko. Watu waliopita dirishani walituona tumejikunja hivyo, watu wazima, tunanusa viwiko. Shemeji yangu alipokuja kututembelea aliniuliza, "Kwa hiyo, ukiamka asubuhi, unakwenda kufanya nini hasa?"

"Kunusa."

"Wanakulipa?"

"Wananilipa."

Alikitazama kiwiko changu. "Nchi hii imeendelea," akasema.

Meneja alipima mshumaa kwa njia moja tu: aliuwasha katika chumba kilichofungwa, akatoka, akarudi baadaye na kuvuta pumzi. Hiyo tuliita harufu ya moto, ile inayotoka mshumaa unapowaka. Harufu ya baridi, yaani ile ya mshumaa uliokaa tu bila kuwashwa, hakuijali. "Mshumaa kazi yake ni kuwaka," alisema. "Hakuna anayepima gari likiwa limeegeshwa."

Ilikuwa hoja safi, na mimi kama mwanafalsafa niliikubali kwa asilimia zote. Kisha nikapelekwa kusimamia duka letu dogo la Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, na huko hoja ikakutana na wateja.

Mteja wa kwanza kurudisha mshumaa alikuwa mama mmoja muuza vitenge. Aliuweka kaunta kama anarudisha samaki aliyeoza.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Huu hauna harufu."

"Mama, uliuwasha?"

Alinitazama kwa huruma. "Niuwashe ili uishe?"

"Sasa uliuweka wapi?"

"Kabatini. Kwani vitu vizuri vinawekwa wapi?"

Alikuwa anasema kabati la vioo la sebuleni, lile linalotunza seti ya vikombe vya wageni, birika la maua na picha ya kipaimara. Nikaanza kuuliza kila aliyeingia dukani. Majibu yalikuwa yaleyale. Umeme ukikatika, watu waliwasha mshumaa mweupe wa dukani, au tochi ya simu. Mshumaa wetu ulipambwa kwa kitambaa cha kufuma na kufungiwa kabatini, na mgeni akija, kabati lilifunguliwa ili aone na anuse. Meneja wetu alikuwa anapima magari barabarani, wakati Babati nzima ilikuwa imeyaegesha.

Nilipeleka habari hiyo Nakwa. Meneja alikataa kwa wiki nzima, akazunguka nyumba za ndugu zake wa hapa mjini, akarudi amenywea. "Hata shangazi yangu," alisema. "Hata shangazi yangu mwenyewe!" Basi Mkurugenzi akatoa amri: tutengeneze mchanganyiko wa kabatini, wenye harufu kali ya baridi. Nilirudishwa chumba cha harufu niuongoze. Nikapunguza wapita njia, nikaita wazee: msandali kwa wingi, vanila, na iliki kidogo ya kuleta uchangamfu. Tuliipevusha, yaani tuliiacha mishumaa ikae rafuni gizani mpaka harufu itulie ndani ya nta. Ilipotoka, ilinukia hata ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Mkurugenzi aliipenda sana. Akauchukua mshumaa wa kwanza kabisa, akaenda nao kwake Singe, akauweka kabatini.

Katika kabati hilohilo alitunza majani ya chai, sukari na maziwa ya unga ya wageni.

Jumamosi moja alasiri simu yangu ililia. Alikuwa Esta, binti yake, aliyekuwa karani wetu pale karakana. Siku hiyo ndiyo washenga wa mchumba wake Simoni walikuwa wamefika kumposa.

"Anko, njoo nyumbani haraka," alinong'ona. "Wanasema tumewawekea limbwata."

Limbwata, kwa wachache waliojaliwa kutolijua, ni ile dawa inayosemekana mwanamke humtilia mwanamume kwenye chakula ili apende mpaka asahau kwao. Si tuhuma ya mchezo. Familia ikishaondoka sebuleni na neno hilo mdomoni, hairudi, na binti aliyeachwa hivyo hulibeba neno hilo mtaani miaka.

Nilifika nikihema. Sebuleni vikombe vilikuwa vimejaa, hakuna aliyevigusa tena. Msemaji wa washenga alikuwa baba mkubwa wa Simoni, Bwana Mifugo mstaafu aliyetumikia maisha yake yote kwenye nyanda za Hanang, mtu mrefu mwenye fimbo na subira. Mkurugenzi, niliyezoea kumwona akifokea watu wazima, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, ameshika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani katika nyumba hii?"

"Mimi ni mnusaji, mzee."

Nilisikia jinsi neno lilivyotoka, kama la mganga. Mmoja wa washenga akasogeza kiti chake mbali.

"Mnusaji," alirudia Bwana Mifugo. "Sawa. Nusa hiyo chai utuambie imewekwa nini. Huyu kijana wetu amekunywa mafunda mawili tu, mtazameni! Tangu hapo anacheka peke yake."

Ilikuwa kweli. Simoni alikuwa anamtazama Esta mlangoni, na meno yote yalikuwa nje.

"Baba mkubwa, nilikuwa nacheka hivi tangu asubuhi," alisema.

"Nyamaza. Mgonjwa hajipimi."

Nikainua kikombe, nikanusa. Wazee wangu wote wa mtaa walikuwemo. Nikafungua kabati, nikautoa mshumaa, nikampa Bwana Mifugo aunuse, kisha kopo la majani ya chai, kisha sukari. Nikaeleza kwamba majani ya chai na sukari hunywa harufu ya jirani yake kama sifongo, na kwamba kabati lililofungwa ni gereza la harufu. Nilieleza vizuri, nadhani kwa urefu. Aliniacha nimalize.

"Maneno ni mazuri," alisema. "Lakini hata mganga ana maneno mazuri. Kunywa."

"Ninywe?"

"Chote. Kama ni limbwata, tutaona."

Hapo ndipo nilipoielewa hatari yangu. Chai ilipikwa na Mama Esta. Kama kweli ilikuwa na dawa, basi ningempenda bosi wangu, mjane wa miaka sitini na kitu, mbele ya mashahidi, na mke wangu angepata habari kabla sijavuka barabara. Nilimtazama Mkurugenzi. Alinitazama kwa jicho la darasa la saba: usithubutu kufeli.

Nikanywa. Ladha yake ilikuwa kama kulamba meza mpya ya seremala. Bwana Mifugo alisogea, akanivuta kope la chini kwa kidole gumba, akaniangalia macho kama anavyoangalia ndama aliyetoka kuchanjwa.

"Huyu mama unamwonaje?" aliuliza.

"Mzee, namwona kama siku zote. Namwogopa."

Kicheko cha kwanza kilimtoka Mkurugenzi mwenyewe, kikawapitia wote, mpaka wale washenga wakali wakashika magoti. Bwana Mifugo aliketi, akavuta kikombe chake, akanywa, akakunja uso wote.

"Chai hii ni mbaya," alisema, "lakini ni mbaya kwa halali. Mama, tuletee maji, tuendelee na lililotuleta."

Esta na Simoni walioana mwaka huohuo, na kuanzia hapo kila mshumaa wetu uliuzwa na karatasi iliyoandikwa: usikae na chakula. Meneja alitaka iandikwe kwa lugha ya kitaalamu. Mkurugenzi akakataa.

Sasa nikwambieni jinsi nilivyostaafu, maana najua wastaafu halisi wananishangaa, mtu wa miaka hamsini na kidogo kujiita mwenzao. Ndoa ile niliyoinywea chai ndiyo iliyonitoa kazini. Esta alipata ujauzito, na ujauzito ukampa pua ambayo sijaona mfano wake. Asubuhi moja aliingia chumba cha harufu akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Anko, nta inaungua!"

Nilikuwa nimesimama juu ya sufuria hiyohiyo, naikoroga kwa raha zangu. Sikusikia kitu. Nikanusa iliki, sikusikia. Nikanusa mkaratusi, ambao humwamsha hata aliyezimia, sikusikia. Daktari alisema ni mafua ya miaka ambayo nilikuwa nayaficha ili Meneja asinifukuze, na kwamba kilichoondoka huenda kisirudi. Esta akachukua kiti changu, kwanza kwa muda, kisha moja kwa moja, na michanganyiko yake ni bora kuliko yangu. Nasema hivyo kwa kuwa wateja wanasema hivyo. Mimi sina namna ya kuhakikisha.

Sijuti. Nimerudi kwenye vitabu vyangu, mke wangu anasema nimekuwa mtu rahisi kupikiwa, na majirani wameanza tena kuniuliza kama naumwa. Safari hii nina jibu.

Mtoto alipozaliwa nilikwenda kumwona. Mama Esta alimtoa kwenye shuka, akaniwekea mikononi, akasubiri kama alivyosubiri siku ile ya vikombe. Esta akauliza, "Anko, ananukiaje?"

Niliinama mpaka pua ikagusa nywele zake laini, nikavuta pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta kazini. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na joto tu.

"Maziwa," nilisema.

Wote wakafurahi. Alikuwa ametoka kunyonya. Nilikuwa nimeona tone kidevuni.