Watu Ambao Baba Aliwatoa

Siku ya tatu baada ya kufika London, Mama alifungua sanduku la Baba akitafuta blanketi. Hakukuta blanketi. Alikuta majarida, yamepangwa mpaka juu, na katikati yake mashati mawili yamekunjwa ili karatasi zisisuguane.

Tulikuwa tumetoka Mombasa sisi watatu, miaka ile Wahindi wenye pasi za Kiingereza walipokuwa wakiondoka Kenya mbio mbio kabla Uingereza haijawafungia mlango. Kila mmoja na sanduku lake. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Chumba chetu kilikuwa Woolwich, juu ya duka la viatu.

Mama alinyanyua jarida la juu. Kwenye jalada, mwanamke mwenye gauni jembamba alikuwa akikimbia kwenye ngazi za mawe, na nyuma yake kitu chenye mikono mingi. Rangi za jalada zilikuwa kali bado. Kurasa za ndani, za karatasi ile duni inayokwaruza vidole, zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

"Umeacha picha za harusi," Mama alisema, "ukabeba hawa?"

Baba alikuwa ameketi kitandani. "Picha zitaletwa," alijibu.

Hazikuletwa. Mama alilifunga sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Nilingoja agombe, maana Mombasa angegomba mpaka jirani wakasikia. Aliwasha jiko akapika wali.

Kule nyumbani majarida yale yalikuwa na kazi yake. Baba alikuwa karani wa reli, Mpunjabi. Mama alikuwa Mkachi, Mhindi wa kabila jingine, mzaliwa wa Mombasa. Lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili. Baba aliyapata majarida kwenye minada ya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao, mengine yamechapishwa kabla sijazaliwa: hadithi za mizuka, wafu wanaoamka, miji iliyozama baharini na watu wake. Jumapili mchana, Mama akipeta mchele, Baba alikuwa akipitisha macho kwenye Kiingereza na kinywa chake kikitoa Kiswahili. Kasri la Ulaya aliliweka Kizingo, pale pale Mombasa. Mbwa mwitu akawa fisi. Theluji, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, aliiita unga wa baridi. Mama, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, aliuacha ungo akauliza, "Akaufungua mlango? Mjinga yule!"

London Baba hakutusomea tena. Aliingia kiwanda cha nyaya za umeme, Mama akapata kazi ya kushona zipu. Walikula, wakalala, wakaamka. Watu huniuliza kama tulihuzunika miaka ile, nami hutafuta jibu la heshima, kwa sababu ukweli ni kwamba sikumbuki kuhisi chochote. Nakumbuka njia ya kwenda kituo cha basi.

Baadaye tulihamia Stanmore, na sanduku likahama nasi. Nilikuwa nimeshaajiriwa Stratford, ofisi ya kugawa nyumba za serikali, Baba alipoanguka kwenye foleni ya posta akafa pale pale. Nilijaza fomu zote mwenyewe. Karani aliniuliza tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, nikaitaja bila kusita, kama namba ya simu. Wiki iliyofuata nilirudi kazini.

Mama alipomaliza eda, Jumapili moja aliniita sebuleni. Sanduku lilikuwa wazi mbele yake.

"Nisomee moja," alisema.

Nilichukua lililokuwa karibu. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyeajiriwa kumtunza kikongwe katika nyumba ya upweke, na ndani ya ukuta wa nyumba ile kulikuwa na kitu kinachopumua. Nilitafsiri kwa shida, nikisimama kutafuta maneno. Nilipofika mwisho nikasoma: asubuhi watu wa kijijini walikuta kiatu chake tu, na ukuta umekuwa mzima tena.

"Soma vizuri," Mama alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"La. Yule msichana alitoka. Alivunja dirisha la jikoni, akadandia gari la kuni, akaenda kwa dada yake Lamu."

"Lamu?"

"Ndivyo alivyosoma baba yako."

Nilichukua jingine, lile la mji uliozama. Kwenye karatasi walizama wote. Mama alisema hapana, mke wa mfalme alielea juu ya mlango wa mbao na mwanawe mgongoni. Tukasoma jingine, na jingine. Mpaka magharibi tulikuwa tumemaliza matano, na katika yote matano Baba alikuwa amemtoa mtu ambaye mwandishi alimuua.

"Hata mmoja hakupona?" Mama aliuliza.

"Hata mmoja."

Mama alilirudisha jarida la mwisho sandukuni. Kisha akasema, "Kule Woolwich nilimwomba anisomee. Baridi ile ya kwanza."

Sikuwahi kulijua hilo. "Akasemaje?"

"Akasema hawezi. Akasema hajui atawatoaje. Mimi nikadhani ni uchovu wa kiwanda unaosema, nikageukia ukutani nikalala."

Hapo, nadhani, ndipo nilipopaswa kulia. Badala yake niliyaangalia magoti yangu. Vipande vya karatasi iliyochakaa vilikuwa vimemwagika juu ya sketi, nikavikusanya kimoja kimoja mpaka vikajaa kiganja. Mama naye hakulia. Alinitazama nikifanya kazi hiyo mpaka nikaimaliza.

"Haya," alisema. "Rudia ile ya kwanza. Safari hii mtoe."

"Sijui, Mama. Atoke aende wapi?"

"Hilo baadaye. Mtoe kwanza."

Nilisoma tena mpaka pale ukuta ulipoanza kufunguka. Halafu nikamtafutia msichana ufunguo kwenye mfuko wa aproni, nikampitisha mlango wa nyuma, nikamvusha shamba lenye tope, kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza. Mama alinisahihisha maneno mawili. Kisha akasimama kwa kushika mkono wa kiti, akaenda kutia udhu.