Mchezaji Aitwaye Wastani

Ting', halafu baada ya kidogo, ting' nyingine. Mpaka leo naisikia. Ya kwanza ilikuwa ya yaya, kaka yangu mkubwa, gongo lake la aluminiamu likikutana na mpira wa besiboli. Ya pili ilirudi kutoka kwenye ukuta wa shule nyuma ya uwanja, ndogo, baridi, kama kuna mtu kule naye kapiga.

Mimi nilishaamua huyo mtu ni nani. Ni Wastani.

Msinicheke. Neno hilo sisi wa Kongo tulikuwa tunalisema kwa Kifaransa, moyenne, na shule yenyewe niliiacha mapema. Aliyeandika matokeo ya timu ni Mtanzania anayeuza kava za simu karibu na saluni ninakosukia watu. Alizoea kunionyesha kwenye simu mstari wa yaya, msimu kwa msimu, na chini yake mstari wa huyo mwingine. "Kaka yako bado yuko juu ya Wastani," ananiambia. Nikafurahi, lakini huyo wa chini nikamwogopa. Yaya alipanda, akaumia bega, akaanza kushuka. Wastani haumii. Miaka yote karibu palepale, na hata picha hana.

Siku moja nikauliza, "Huyu Wastani anachezea timu gani? Mbona simwonagi?"

Alicheka mpaka kava zikamponyoka. "Dada, huyo si mtu. Unachukua mapigo mazuri ya wachezaji wote wa ligi, unayagawa kwa mara zote walizosimama kupiga. Unachopata ndiyo wastani."

"Wachezaji wote? Hata yaya iko ndani?"

"Yumo."

"Eish. Sasa ndiyo umenitisha zaidi."

Maana nilimwona vizuri: mtu mwenye mikono ya watu wote, na ya yaya humohumo, ila uso hana.

Mwaka huo kocha alisema atakayemaliza msimu chini ya wastani anaenda timu ya pili. Yaya akasema akishushwa anaacha kabisa. Wiki nzima analinda geti la maghorofa ya South Beach, ufukweni mwa mji huu tuliohamia, na Jumapili uwanjani ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka. Nikaomba Mungu, nikaomba na huyo Wastani pia, kimoyomoyo, amwachie yaya nafasi kidogo.

Mechi ya mwisho, mchana kweupe, ukungu ukaingia kutoka baharini ukafunika ukuta wa shule. Yaya alisimama kupiga mara yake ya mwisho. Mtanzania aliinamia simu yake pembeni yangu. "Akipiga hii anamfikia. Akikosa, yuko chini."

Ting'.

Nikangoja ya pili. Haikuja.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia, kapiga. Wamelingana, dada. Sawasawa kabisa."

Yaya alikuwa anakimbia ndani ya ukungu, na kwa muda sikuweza kumtofautisha na wengine. Wote walikuwa vivuli vya kimo kimoja. Kocha alipomshika bega ndipo nikajua ni yeye. "Nilisema chini, sikusema sawa," kocha akamwambia. "Mwakani unabaki."

Tulirudi kwa taxi, yaya akitania abiria wenzetu njia nzima. Kwenye ngazi za nyumba yetu akaangalia viganja vyake.

"Nilipopiga ile, mikono haikuwa kama yangu."

"Ilikuwa ya nani, yaya?"

"Ya mtu tu," akasema. "Ya mtu yeyote." Akaingia kuoga.

Kwetu, mtu akikusindikiza mpaka mlangoni haondoki bila kula, hata kama hujui jina lake. Mama alitulea hivyo. Nikasonga fufu, ugali wetu wa muhogo, nikapasha sombe, kisamvu chetu, nikapakua sahani ya yaya na yangu. Maji bado yalikuwa yanamwagika bafuni. Nikapakua ya tatu, ya yule asiye na uso, nikaifunika kwa sahani nyingine, nikaiweka karibu na mlango.