Namba Kumi ya Kaka Yangu

Nilikabidhiwa timu kwa sababu nina mashine ya kufulia. Jezi zilikuwa zinaletwa kwangu Toongabbie, hapa Sydney, baada ya kila mechi. Kocha wetu alipohamia Perth kutafuta kazi za migodini, akaondoka na nusu ya wachezaji, wanaume waliobaki walikaa kikao, wakabishana mchana kutwa, kisha wakaamua kwamba mwenye mfuko wa jezi ndiye apange nani avae ipi. Niliwaambia natunza wazee wa watu kazini wiki nzima, sina nguvu ya kuwatunza na wao. Walicheka, wakaniachia mfuko.

Mabeki nilipata. Shida ilikuwa namba kumi, yule wa katikati anayegawa mipira na kuwapanga wenzake. Mwanangu, aliyezaliwa hapa na anayependa ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, alinielewa upesi.

"You need a quarterback, Mum," akasema, macho kwenye simu.

Nikamuuliza huyo ni mdudu gani. Akanieleza kwamba ndiye anayesimama nyuma, anaona uwanja wote na kuwaambia watu wazima pa kukimbilia. Basi ndiye huyo huyo niliyekuwa namtafuta.

Nilikuwa na watatu. Wa kwanza Mkongomani mmoja ambaye kwa miguu yake hana mpinzani, ila ni Msabato, na mechi zetu ni za Jumamosi. "Dada kocha, miye nitawaombea," alinijibu. Nikamwambia maombi hayapigi kona.

Wa pili kaka yangu. Magoti yake yamekwisha. Pasi yake bado inafika, yeye mwenyewe ndiye hafiki popote. Lakini tangu wifi yangu afariki, kaka amebaki na Jumamosi tu. Siku nyingine anakwenda kazini, anarudi, anajifungia. Jumamosi ananyoa ndevu na kupiga mluzi. Niliogopa kwamba nikimvua ile jezi, hatatoka tena ndani.

Wa tatu kijana wa kazi za ghalani, ambaye kaka alimbeba mgongoni kule kambi ya wakimbizi Tanzania alipokuwa mdogo. Si ndugu wa damu, lakini yeye humwita kaka baba mdogo na mimi shangazi. Anaona nafasi kabla haijafunguka. Kosa lake ni adabu. Nusu ya timu ni wakubwa zake, na mtoto aliyelelewa vizuri haamrishi wakubwa. "Baba mdogo, samahani, naomba ukiweza usogee kulia kidogo." Akimaliza hapo, mpira umeshatoka nje.

Tulipocheza kwenye uwanja wa St Marys na timu iliyotoka Bankstown, nilijaribu ujanja. Kijana nilimpa namba kumi, kaka nikampa namba nane acheze jirani yake. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, kocha." Hilo "kocha" lilinichoma, maana siku zote mimi ni mdogo wake.

Kipindi cha kwanza tulifungwa mawili. Kijana aliona kila kitu na hakusema kitu. Kila alipotaka kupanga watu alimtazama kwanza kaka, na kaka, kwa upendo tu, alimsemea yeye. Nilipiga kelele mpaka mwamuzi akanionya.

Wakati wa mapumziko wazee walianza kunishauri wote kwa pamoja. Nikawaambia watafune machungwa yao wanyamaze. Kaka alikuwa amekaa kwenye nyasi, anafungua kamba za viatu.

"Goti?" nikamuuliza.

"Goti ni lile lile. Nikiwa ndani, huyu mtoto hatafungua mdomo. Si kosa lake, sisi ndio tuliomlea hivyo."

"Mimi sijakutoa, kaka."

"Najua. Usingenitoa hata tungefungwa kumi."

Akavua jezi, akawaita wote. "Mpaka filimbi ya mwisho, huyu ndiye mkubwa. Akikwambia kimbia, kimbia. Heshima zenu atawarudishia tukimaliza."

"Baba mdogo, sitaweza kuwafokea," kijana akasema, kichwa chini.

"Utaweza. Anza na yule shemasi. Yeye kashazoea kufokewa na mkewe."

Mwanzoni alinong'ona tu. Kisha shemasi, beki wetu wa kulia, akapoteza mpira kizembe. "Rudi, mzee! Rudi!" Uwanja mzima ulisikia. Shemasi aligeuka, macho yamemtoka, akarudi mbio ambazo sijawahi kumwona nazo. Kaka alirukaruka kwa mguu mmoja pembeni yangu, akipiga makofi: "Ndiyo! Mwambie!"

Tulirudisha moja, la pili likatushinda. Wanaume walicheka kama walioshinda, na kijana akapita kwa mzee mmoja mmoja akiomba radhi.

Mimi sikucheka. Nilikusanya jezi taratibu, nikijichelewesha, kisha nikamrudisha kaka kwake. Nilikuwa nasubiri aniambie ametundika daluga, nitafute mtu mwingine, yeye atapumzika nyumbani. Tulipofika alishuka polepole, akabaki ameshika mlango wa gari.

"Jumamosi tunaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nipitie mapema. Yule mtoto anafoka vizuri, ila anachelewa. Nataka nikae naye kidogo kabla ya mechi."

Nikamwambia sawa, kaka, nikapandisha kioo haraka asione nilivyokuwa nalia.