Siku Umoja wa Watu wa Kinga Ulipotaka Kutawala Kongo

Ndugu zangu, hata leo nikipita mbele ya ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, kule Kabambare nageuza uso kama mutu anayetafuta mbuzi wake, maana humo ndani, mchana kweupe, mbele ya mzungu na watu walionijua toka utoto, nilisimama nikatangaza kwamba sisi wabeba mizigo kwa baiskeli tutaitawala Kongo yote.

Baiskeli kwetu ni kinga. Ilikuwa wakati ule Wabelgiji wako karibu kuondoka, vyama vya siasa, yaani zile parti, vinazaliwa kila wiki, na sisi kazi yetu ni kusukuma kinga zenye mchele na mawese toka Kabambare mpaka Kasongo. Adui yetu alikuwa bariere ya mvua. Mvua ikinyesha, mlinzi anashusha mti katikati ya barabara, hakuna kupita mpaka udongo ukauke, kwa sababu malori yanachimba njia (sawa, lakini kinga inachimba nini?), nasi tunakaa pale hata siku mbili mchele ukianza kuota ukungu ndani ya magunia. Ndiyo maana tukaunda umoja wetu, tuombe kitu kimoja tu: kinga zipite.

Mzungu mkuu wa teritware akasema umoja lazima uwe na sheria zilizoandikwa kwa Kifaransa. Mimi ndiye nilikuwa karani wa umoja, kwa kuwa nilikuwa na kalamu, na badala ya kukiri kwamba Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu, nilienda Kasongo kwa shemeji yangu Alfonsi, aliyeandikia parti moja barua zake, nikamwomba karatasi za sheria za parti hiyo, nikazinakili zote, na palipokuwa na jina la parti nikatia letu. Alfonsi aliniuliza kama nimezielewa. Nikamjibu kwamba sana. (Nilielewa nambari.)

Siku ikafika, ofisi ikajaa, mzungu akaniambia nisome na karani wake ageuze kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha huku. Sharti la kwanza lilipita vizuri. La pili likasema umoja utasimamisha wagombea kila uchaguzi, watu wakatazamana. La tatu likasema utaunda serikali na kuteua mawaziri, mmoja huko nyuma akasema yeye atachukua wizara ya barabara, watu wakacheka, na mimi, macho na masikio yote kwenye mstari unaofuata, Mungu anisamehe, nikadhani wanafurahia usomaji wangu, nikapandisha sauti.

La nne likasema mwanachama wetu hawezi kuwa wa parti nyingine.

Kicheko kikakatika. Saidi, prezida wetu, alikuwa na kadi ya parti moja, na Yohana, aliyesukuma kinga pamoja naye miaka yote, alikuwa na kadi ya ile inayopingana nayo, na haikuwahi kuwa neno, kwa sababu kinga ikizama kwenye matope hakuna anayeuliza kadi. Sasa Saidi akasimama akauliza nimeuza umoja wetu kwa nani, Yohana akavaa kofia yake, na nusu ya watu wakaelekea mlangoni, nami nimeshika karatasi, jasho linalowesha wino.

Mlangoni walimkuta Mama Zaina, muuzaji wa mchele, ambaye magunia yake ndiyo yaliyokuwa yakiota ukungu pale bariere. Hakusogea. Akaniangalia juu ya vichwa vyao.

“Ramazani, sisi tunataka kiti cha muzungu?”

“Hapana, mama.”

“Tunataka nini?”

“Kinga zipite, hata mvua ikinyesha.”

“Basi andika vile. Parti inatafuta kiti. Sisi tunatafuta ule mutu mwenye iko mu kiti atusikie, leo muzungu, kesho mutoto wetu. Saidi apige kura yake, Yohana yake. Matope iko moja.”

Yohana akavua kofia. Mzungu, aliyekuwa amecheka mpaka akavua miwani, akanipa muda mpaka saa tisa. Nikaketi kwenye ngazi, nikaandika mistari mitano kwa Kingwana changu, karani akaigeuza kwa Kifaransa, Saidi akatia jina lake na Yohana akatia lake chini yake.

Kabla masika hayajaisha, mlinzi alianza kutupisha kando ya ule mti, kinga moja moja. Na uchaguzi ulipokuja, wagombea wa parti zote mbili walitufuata wakitaka kura zetu, tukawaambia wote neno moja, kwamba daraja la mto Luama limeoza, nao wote wakaandika.

Mimi niliapa siku ile ile, pale pale kwenye ngazi: sitasoma tena mbele za watu neno ambalo nimeona haya kuuliza maana yake. Kusema “sielewi” kunauma kidogo, tena ukiwa na shemeji tu. Mimi nilingoja mpaka nikaambiwa maana yake na Kabambare nzima.