Kisu cha Mtaliano Kilichokataa Kutoka

Ndugu zangu, mimi ni mzee wa kanisa hapa Kalembe na jambo hili sipendi kulisema, lakini kwa kuwa Masisi yote na nusu ya Walikale wamekwisha kulisimulia wanavyotaka (wengine wanaongeza kwamba nililala ndani ya pombe hadi jioni, na hiyo si kweli), afadhali mlisikie kwangu: siku ya kuwapokea wakwe wa mjukuu wangu Furaha, nilimwomba Mungu kwa sauti kubwa huku chini ya meza napigana na kisu, na Mungu, ambaye ni mvumilivu, akaniacha nipigane.

Kisu chenyewe ni cha vita. Marehemu baba yangu alikuwa askari wakati wa Wabelgiji, wakampeleka hadi Abisinia kupigana na Wataliano, na aliporudi nyumbani alikuwa na homa, suruali moja na kisu hicho. Ubapa wake ni mwembamba, una makali pande zote mbili, mpini ni wa mti mweusi na ala yake ni ya chuma. Kwa sababu yake watu wananiona mimi kama fundi wa mambo hayo, hata wanaume wanaotoka kuchimba madini Rubaya hupita kwangu na visu walivyonunua njiani, wakitaka kujua kama kweli ni vya askari wa zamani. Nami sikatai (nakiri kwamba napenda kuulizwa). Nawaonyesha kwamba kisu cha kweli kina alama iliyopigwa karibu na mpini chuma kikiwa bado laini, nayo imezeeka pamoja na chuma, lakini kile kilichokatwa juzi kwenye springi ya lori kina alama yenye kingo kali, na kutu yake ni ya chumvi na ndimu. Nawakataza kukisugua kwa mchanga, maana alama ikifutika wanabaki na kisu cha kumenyea mihogo tu. Nawaambia wakipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, si mawese, na wasikilaze ndani ya ala, maana ala hutunza unyevu. Hayo yote nayajua. Nimeyafundisha miaka na miaka.

Sasa, katika ukoo wetu kisu hicho kina kazi moja. Wakwe wanapoleta mbuzi, wa kwanza anachinjwa, kidari chake kinachomwa na kuwekwa kwenye sinia kati ya jamaa mbili, kisha mkubwa wa nyumba anaomba, anachomoa kisu cha baba, anakata nyama vipande viwili, kwao na kwetu, na hapo ndipo binti anatoka ndani. Lakini mkubwa wa nyumba akiweka kisu juu ya nyama kikiwa ndani ya ala, amekataa. Hakuna haja ya kueleza. Wageni wanafungua mbuzi zao waliobaki na kwenda. Baba alifanya hivyo mara moja kwa mchumba wa dada yangu, na hadi leo watu wa upande ule wakikutana nasi sokoni wanatazama viazi.

Asubuhi ya siku ile nilikitoa kisu kwenye kitambaa chake nikaona mpini unacheza. Kidogo tu! Mke wangu, Mama Esperansi, aliniambia, "Papa, peleka kwa muhunzi, iko pale tu chini." Nikamjibu kwamba mhunzi ana maneno mengi na wageni wako njiani. Nilikuwa na utomvu wa mti, sisi tunauita bulembo, ule ambao wawindaji wa Walikale huyeyusha ili kushikisha vichwa vya mikuki, nikauyeyusha kwenye kopo, nikaumimina ndani ya mpini, na kwa kuwa ulibaki nikamimina wote (kwa nini upotee?), na mpini ukatulia kama mpya. Nikafurahi. Nikamshukuru Mungu. Kisha, ili kisu kionekane na heshima mbele ya wageni, nikakitia ndani ya ala, utomvu ukiwa bado vuguvugu na unatiririka polepole kuelekea mdomo wa ala, mimi nikiwa nimeshageuka kutafuta viatu.

Wakwe walifika kutoka milima ya Masisi, watu wazuri, wakulima, wamevaa vizuri, na msemaji wao alikuwa Papa Bahati, baba mdogo wa kijana, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walikuja na mbuzi, wa kwanza akachinjwa na waliobaki wakafungwa pale uani karibu na meza, na pia na beseni kubwa la kasiksi, pombe yao ya ndizi, na kwa kuwa sisi wa kanisa hatunywi nikaagiza liwekwe nyuma ya kiti changu, mahali ambapo macho yangu hayatalitazama.

Nyama ikaletwa. Nikawaeleza habari za baba na Abisinia, nikaeleza alama, nikaeleza mafuta ya cherehani.

"Papa, sasa tuonyeshe basi ile kisu," akasema Papa Bahati. "Habari yake tumeshiba."

"Kwanza tuombe," nikasema. Watu wote wakafumba macho, nami nikashusha mkono chini ya meza nikivute kidogo, kiwe tayari wakati wa amina.

Hakikutoka.

Nikamshukuru Mungu kwa safari njema ya wageni, nikavuta. Nikamshukuru kwa mvua, kwa maharagwe, kwa ng'ombe wa Masisi na msitu wa Walikale, nikavuta kwa mikono miwili, ala ikiwa kati ya magoti. Nikaanza na Adamu. Nilipofika kwa Nuhu, na wanyama wanaingia safinani wawili wawili, sauti yangu ilikuwa inatoka kwa kukaza kama ya mtu anayebeba gunia, na mama mmoja wa upande wa wakwe akaanza kulia, akidhani Roho ameshuka juu yangu. Mke wangu peke yake ndiye aliyefungua jicho moja.

"Papa," akanong'ona, "unafanya nini kule chini?"

"Amina!" akasema Papa Bahati kwa nguvu, na wote wakaitikia amina, maana nyama ilikuwa inapoa.

Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho. Nikataka kuipangusa. Na ili niipanguse (hapa nawaomba msicheke bado) nilihitaji kukiweka kisu mahali fulani, nikakiweka mbele yangu bila kutazama, na mbele yangu kulikuwa na sinia.

Wakwe wote wakatazama nyama, na kisu juu yake, ndani ya ala. Ndani ya nyumba kikombe kikaanguka, nikajua ni Furaha, alikuwa anachungulia dirishani.

Papa Bahati akasimama polepole. "Basi. Tumeona. Mufungue mbuzi, tunaenda."

"Hapana, hapana, mukwe wangu! Kisu iko imeshikamana!"

"Imeshikamana?" Huyo alikuwa shangazi wa kijana, mama mwembamba mwenye ulimi. "Saa ile tu ya mutoto yetu njo inashikamana? Kama munatukatala mutuambie, hapana kutuombea mupaka kwa Nuhu!"

"Mama, ni utomvu. Nilitengeneza mpini leo asubuhi."

"Weye, fundi ya visu?"

Hilo lilinichoma. Yule kijana, mchumba, alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi na kofia mikononi, anaikunja na kuikunjua, na nilipomwona hivyo aibu yangu yote ikawa kitu kidogo. Nikachukua kisu nikamnyooshea Papa Bahati upande wa ala.

"Shika wewe mwenyewe. Vuta. Kama ni uongo utajua."

Akashika. Mtu yule amelima mlima maisha yake yote. Alivuta, nami nikavuta, tukazunguka meza tukivutana, wanawake wakipiga kelele, wengine "Ivute, Papa!", wengine "Mutajikata!", kisha pakasikika sauti kama ya mfupa, na mpini wote ukabaki mikononi mwangu. Papa Bahati akaenda nyuma na ala yake hadi akaketi juu ya mbuzi, na mimi, mzee wa kanisa, nikaingia kwenye beseni la kasiksi kwa makalio, nikazama hadi kwenye mkanda.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Papa Bahati, akiwa bado chini, akainua ala akaichungulia mdomoni, akainusa.

"Ni kweli," akasema. "Iko na bulembo. Muzee hakudanganya."

Hapo shangazi ndipo aliponitazama vizuri, nimekaa ndani ya beseni na mpini mkononi, akacheka hadi akashika nguzo, na wote wakafuata, hata mbuzi walilia. Furaha hakungoja kuitwa. Alitoka ndani mbio na sufuria ya maji ya kusongea foufou, ugali wetu, yanayochemka, akamimina juu ya ala ile ya chuma, desturi ikiwa imekwisha kuvunjika kila upande, na utomvu ukalegea, na ubapa wa baba ukateleza nje, mtupu, bila mpini, unang'aa.

Niliufunga kwa ncha ya kitenge cha mke wangu. Nilikata kidari nikiwa nanuka kasiksi, Papa Bahati ameshikilia nyama ili isiteleze, na kipande chao kikatoka kikubwa kuliko chetu, nikakiacha hivyo. Kijana alivaa kofia yake.

Namshukuru Mungu, wanaishi vizuri. Nami nimeweka nadhiri ya kutotengeneza kitu asubuhi ya siku ambayo kinahitajika, na nikiombea chakula siku hizi nasema maneno machache, mikono yote miwili juu ya meza. Wakwe wanasema sijawahi kuomba vizuri hivi.