Wagonjwa wa Wacera

Wacera alianza kupokea wagonjwa kabla hajachagua masomo ya kidato cha tano.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mwaka ni 1974, mahali ni Giakanja, na daktari mwenyewe ana miaka kumi na minane na hajui hata kupima homa.

Makosa yalikuwa ya baba yake, Gicheru, mwenyekiti wa josho la ng'ombe. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alisimama kanisani akatangaza kwamba nyumba yake imepata daktari. Wiki iliyofuata akajenga chumba cha mabati kando ya jikoni. Cha kutibia.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Ngatia na goti lake.

"Ndagitari, hii goti inaniuma tangu Pasaka," alisema huku akikunja suruali.

"Guka, mimi si daktari. Hata masomo sijachagua."

"Sawa. Lakini si uiangalie tu?"

Akaliangalia. Mzee akarudi kwake akichechemea kwa matumaini.

Kesho yake jirani yao Nderitu akaleta ng'ombe.

Haya yote yangekuwa kichekesho kama si fomu ya shule. Ilitakiwa irudishwe Jumatatu ikiwa na saini ya mzazi. Ama Bayolojia, Kemia na Fizikia, njia ya udaktari. Ama Hisabati, Fizikia na Kemia, njia ya uinjinia. Ukishachagua, hakuna kubadilisha.

Wacera alitaka Hisabati kwa moyo wote. Siku walipoletewa chura wa kupasua shuleni, chura alikuwa ameshalazwa kwa dawa, lakini aliyebebwa nje ni Wacera.

Redio ya baba yake, kwa upande mwingine, aliifungua kwa kisu cha viazi akaitengeneza. Gicheru aliposikia tena habari za saa moja, alimshukuru Mungu. Wacera hakutajwa.

Jumamosi jioni aliweka fomu mezani.

"Nitasaini ya daktari peke yake," Gicheru alisema.

"Baba, nikiona damu naanguka."

"Utazoea, maitu."

Maitu maana yake mama yangu. Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, basi Gicheru alimwita binti yake mama tangu siku aliyozaliwa. Heshima kubwa sana hiyo. Unaitwa mama, halafu unaamriwa kama ndama.

"Baba, nitafeli. Niko na hakika."

"Na hiyo nyumba ya mabati nitaweka nini? Viazi?"

Wacera akaitazama fomu. Aliona miaka yake yote ikipita katika kile chumba, yeye akiwa sakafuni na Mzee Ngatia akimpepea.

Pale mekoni alikuwa ameketi cucu yake, mama wa Gicheru, yaani Wacera mwenyewe, mwenye jina, akimenya viazi. Hakuna aliyemuuliza chochote. Hajasoma, atajua nini?

"Gicheru," akasema, "hiyo karatasi imeandikwa jina gani?"

"Wacera."

"Hiyo ni jina ya nani?"

Gicheru akakohoa. "Ni yako, maitu."

"Sasa anayeenda shule ni nani?"

Gicheru akaishika kalamu, akaiweka tena.

"Mimi nimezalisha wamama wa hapa miaka arobaini. Damu naiona mpaka kwa ndoto. Nimepata nafasi ya kurudi duniani nikiwa msichana, nikiwa na viatu, na wewe unanirudisha kwa damu. Ati bila kuniuliza."

Mwenyekiti wa josho, mtu aliyezoea kufokea wazee wenzake, akatazama miguu yake.

"Maitu, unataka gani?"

"Nataka hiyo ya redio."

Wacera alilia. Gicheru alisaini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Chumba cha mabati kikawekwa viazi.

Wacera akawa injinia wa simu. Alipanda milingoti kuanzia Kerugoya hadi Nanyuki, na hakuzirai hata siku moja. Najua kwa sababu ni mama yangu.

Nami, kama desturi inavyotaka, binti yangu wa kwanza nilimwita Wacera. Akiwa na miaka kumi nikawatangazia jamaa wote kwamba injinia wa pili amepatikana. Nikamnunulia sanduku la vifaa.

Mwezi uliopita akaniletea fomu ya kuchagua masomo ya sekondari ya juu. Anataka Bayolojia.

"Mama," nikamwambia binti yangu kwa upole, "hii ni nyumba ya mainjinia."

Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake, amestaafu, akisoma gazeti. Akavua miwani.

"Hapo wameandika jina gani?"

Nikajua nimekwisha.

"Nyaya nimevuta za kutosha," akasema. "Safari hii sitaki kupanda mlingoti."

Nimesaini. Funzo langu ni fupi: ukimpa mtoto jina la mama yako, umempa pia kura yake, na wewe huna ya kuipiku. Jitahidi usizime ndoto ya mtu aliyekuzaa.

Jana nilikutana na Ngatia hapo Gatitu, mjukuu wa yule mzee, mwenye jina lake. Amesikia habari. Ameuliza kama daktari huwa nyumbani Jumamosi.

Ana goti.