Mwenye Ploti Akipewa Notisi

Mwenye ploti wetu hapa Kambu huwa hana nafasi ukimletea notisi ya kuhama. Akiona karatasi tu, anaingiza vidole kwa ungo wa ndengu na kuanza kutoa mawe, hata kama alizichagua jana. Sauti haipandishi: "Weka hapo, nitaona." Leo ilikuwa lazima aipokee, ama tukae hapa mwezi mwingine na mama apoteze kazi aliyopata Kibwezi. Mama akaiweka juu ya ungo. Yeye akapepeta. Barua ikaruka na makapi, kuku wakatawanyika. Mama akaiokota, akairudisha. "Mwaitu," akamwita kwa heshima, kama mama yake mzazi, "pokea tu. Tunahama." Mwenye ploti akapepeta tena, polepole, barua ikabaki.

"Sasa asubuhi nitauliza nani ameamka aje?" akasema bila kuinua macho. Kisha akaifuta barua vumbi, akaifunga kwa pindo la leso yake.